Nyati, Punda na Wapishi wa Chini ya Malisho

Paukwa!

*Pakawa!*

Mbona mwaitikia kama mna njaa? Paukwa!

*Pakawa!*

Hapo sasa! Sogeeni. Nimezunguka nchi nyingi, sikurudi na kitu ila tumbo hili na ngano hii. Tumbo siligawi. Ngano mtapata nyote!

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na nyasi zikisikia, paliondokea Nyati na ndama wake mchanga. Malisho yao yalikuwa mchanganyiko: ukoka mtamu, kunde mwitu zinazotambaa, na mchunga, ule mchungu wa kukunja uso. Nyati akila, maziwa yanajaa. Ndama akinyonya, anarukaruka!

Siku moja akapita Punda, msafiri mwenye maneno kuliko mzigo. Akacheka, "Hooo-hi! Mama Nyati, haya malisho au kanzu ya maskini? Viraka vitupu! Huko nilikotoka ni nyasi moja tu, laini kama upara."

Msinitazame kichwani. Kasema Punda, si mimi!

Nyati akaona haya. Akang'oa mchunga wote.

Fuko akatoa pua shimoni. "Mama Nyati! Huku chini wanafunga mizigo!"

"Nani hao?"

"Wapishi! Wadogo hata sisimizi huwaita vijidudu. Kila mmea una wapishi wake. Mmea huwateremshia uji mtamu mizizini, nao huupikia chakula. Mchunga hakuna, wapishi wake watakaa kwa nani?"

"Wewe Fuko huoni hata pua yako, hao umewaonaje?"

"Siwaoni, Mama. Naishi nao!"

Nyati hakusikia. Akang'oa na kunde.

"Mama! Wapishi wa kunde ndio hukamata hewa wakaipika ikawa mbolea! Nao wanaondoka!"

Nyati akamrushia udongo usoni. Fuko akaimba kule chini. Imbeni nami, sauti yangu ni ya debe, zibeni sikio moja:

*Chini kwa chini, wapishi wahama,*
*Jungu li baridi, atakula nini mama?*

Mvua ya kwanza, ukoka ukapendeza. Mvua ya pili, ukawa manjano. Mvua ya tatu, ukawa mfupi, panzi akakosa pa kujificha! Maziwa yakakauka. Ndama akalala, hakuinuka.

Nyati akalia, "Fuko, mwanangu anakufa! Nitapanda nini, na vyote nimeving'oa?"

"Ulivyovitupa viko kando ya kichuguu, na mbegu zake zimo. Kupanda mimi siwezi, wala wewe na kwato hizo. Mwache aje mtani wangu Punda."

Punda akaja. Fuko akamwambia, "Mtani! Kula upendacho, ila zile kunde kavu kando ya kichuguu usiguse, wala ule mchunga. Ni vya wakubwa."

"Mimi si mkubwa? Masikio haya huyaoni?"

"Mimi sioni kitu, mtani."

Basi Punda kumkataza ni kumkaribisha! Akala kunde, maganda na mbegu. Akala mchunga. Akashiba, akaenda kutembea malishoni kumcheka Nyati. Akacheka, nyuma: pu! Akacheka tena: pu! Akacheka mara ya tatu: pu! Mbegu na samadi, vyote kwa pamoja!

Mvua ikanyesha. Kunde zikachipua penye samadi. Mchunga ukazamisha mizizi. Na huko chini, jamani, vigelegele! Wapishi wamerudi! Ukoka ule ule ukapanda, ukapanda, ukamfika Nyati tumboni. Maziwa yakashuka. Ndama akanyonya, akasimama. Akaruka!

Punda akarudi, akashangaa. "Nani kapanda haya?"

"Wewe, mtani," akasema Fuko.

"Mimi? Kwa mkono gani?"

"Si kwa mkono."

Wanyama wakacheka hadi wakagaagaa. Punda akalaza masikio, akauliza polepole, "Mama Nyati, naweza kula kidogo?"

"Kula ushibe, mwanangu. Ila usiondoke hapa kabla hujaacha mchango wako!"

Wanangu, malisho ya mmea mmoja hushibisha macho, tumbo likalala njaa. Ukimfukuza jirani usiyempenda, umemfukuza na mpishi wake usiyemwona.

Ngano yangu nimeitua hapa. Utamu wake bebeni. Uongo niachieni mimi, nimeuzoea.