Bao Lililomsimulia Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa bado wanajikuna mgongo wenyewe, palikuwa na Sultani Shembwana aliyewalisha wasimulizi wote kila Ijumaa. Basi Mwinchande, fukara asiye na hadithi hata moja, akajipenyeza kwenye sinia, na alipoulizwa amekuja na hekaya gani, akasema amekuja na bao.

Sultani akafoka kwamba bao ni mchezo wa wavivu, halisimulii kitu. Mwinchande akashikilia kuwa linasimulia.

"Basi utacheza nami," akasema Sultani, "na bao linisimulie lenyewe. Ukitamka neno moja tu, utanyolewa nusu kichwa, utolewe mjini juu ya punda, uso ukielekea mkiani."

Mwinchande aliujua ulimi wake: hajapata kucheza bao bila kumtania mtu mpaka amlize. Akaivuta sahani ya halua ya Sultani, akajisokomezea mashavu yakatuna, ikawa hata kukohoa hawezi.

Sasa, desturi ya jumba lile ilikuwa kumwachia Sultani ashinde, huku ukijililia kwa sauti. Mwinchande, kinywa kimezibwa, kulia hakuweza. Na kwa kunogewa na halua akasahau hata kushindwa. Akazungusha kete, akaila nyumba ya Sultani, lile shimo lake kuu, nayo imenona kwa kete.

Sultani akapiga yowe. Mkewe, Bi Mize, akauliza kutoka nyuma ya pazia kuna msiba gani.

"Mke wangu, nimeketi na nyumba yangu, simuudhi mtu. Mlafi huyu akapita kushoto, nikadhani anakimbia, kumbe ananizunguka. Akaingia, akakomba kila kitu."

"Yarabi. Halafu?"

"Halafu nikajificha safu ya nyuma na vijikete vyangu, kama mkwe aliyekuja mikono mitupu."

"Maskini mume wangu. Halafu ikawaje?"

Sultani akafungua kinywa ajibu, kikabaki wazi. Akamtazama Mwinchande. Mwinchande akanyoosha kidole kwenye pazia la Bi Mize, kisha kwenye bao, kisha kwake yeye Sultani, akakitikisa kichwa chake chenye nywele zote.

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani, akaamuru tangu siku ile wacheza bao wale sinia moja na wasimulizi. Akamruhusu Mwinchande aseme, aombe atakacho.

Mwinchande akahangaika, akameza, machozi yakamtoka.

"Maji, bwana wangu."

"Na mimi je?" akauliza Bi Mize. "Ikawaje?"

Sultani akajivuta tena kwenye bao. "Subiri, mama. Zamu ni yangu."