Zimwi Lililotaka Jiko la Kunde

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na wewe acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale palikuwa na mama aitwaye Mbeyu na binti yake wa pekee, Kache. Walilima kunde. Siku moja zimwi lenye njaa likaingia shambani, likamgusa Kache kwa kidole, na miguu ya mtoto ikaganda ardhini.

"Kunde hizi haziendi sokoni, haziwashi moto, na zinanenepa," likasema. "Nionyeshe jiko lake, la sivyo namla mtoto."

Mbeyu hakutulia. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akaliinamia jani moja la kunde.

"Kunde, mwanangu ataliwa. Jiko lako liko wapi?"

"Jiko ni mimi mwenyewe," jani likajibu. "Mafiga yangu ni matatu: maji ya mizizini, hewa mnayoitoa puani, na mwanga wa jua. Hapo napika sukari yangu. Nikikosa figa moja, nalala njaa."

Basi Mbeyu akalieleza zimwi yote. Likacheka.

"Nitakuwa jani nijipikie. Nikipata nguvu, namalizia na mtoto."

Likajigeuza jani kubwa la kijani. Kisha likaguna, "Mama, wewe mpishi gani? Chungu hakiivi bila kifuniko. Nifunike."

Moyo ukamruka Mbeyu. Akaleta chungu kikubwa kuliko vyote, akalifunika gubigubi.

Siku ya kwanza zimwi likauliza, "Kimeiva?"

"Bado kidogo," akajibu Mbeyu.

Siku ya pili, kwa sauti iliyopungua, "Kimeiva?"

"Bado kidogo."

Mbeyu hali, halali, anazunguka tu. Kache akamwambia, "Mama, miguu siihisi tena." Mbeyu akalia waziwazi.

Siku ya tatu sauti ilikuwa kama ya mbu. "Kimeiva? Nifunue nione jua."

"Chungu hakiivi bila kifuniko," akasema Mbeyu, akakikalia.

Sauti ya zimwi ikazimika. Kache akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akamkimbilia mama yake wakaanguka wote wawili. Walipofunua chungu, walikuta jani la njano lililonyauka.

Hadithi yangu imekomea hapo, na koo limenikauka. Mjue, jani hupika kwa jua. Na ukiingia jiko la mwenzio, pika anavyopika yeye.