Nafasi Tupu Kwenye Kadi

Ndugu zangu, msishtuke. Leo mfano wangu ni wa kompyuta, na mimi hata simu hii hunishinda.

Alikuwepo bwana mmoja, fundi wa kuandika programu. Zahanati ya mtaani kwao ilimwomba awatengenezee kadi za wagonjwa: jina, umri, na dawa inayomdhuru mgonjwa. Sasa mapokezi mnapajua. Foleni ni ndefu, watu huandikwa jina na umri tu, ile nafasi ya tatu inabaki tupu. Na lugha aliyoandikia programu ina ukali wake. Kila alipoigusa nafasi ile, ilimpigia mstari mwekundu: "Hapa panaweza kuwa patupu. Pakiwa patupu, utafanyaje?" Kutwa nzima mistari myekundu! Akachoka. Akaamua kwamba popote patupu, programu ijijazie yenyewe: "Hakuna."

Mwenzake wa kazini, dada mmoja asiyeficha neno, akachungulia.

"Umejuaje kuwa hakuna?"

"Ingekuwepo si wangeandika?"

"Na kama hawakuulizwa je?"

Bwana akanuna, lakini akafuta. Lugha ile ina njia ya mkato: unachukua kadi ile ile, na kwa mstari mmoja unaagiza kila nafasi iwe ya lazima. Basi akapata kadi mbili. Ya mapokezi iliruhusu patupu. Ya dirisha la dawa haikuruhusu hata kidogo.

Wiki ya pili simu ikalia. Ni muuguzi wa dirishani, amefura kwa hasira.

"Programu yako imegoma! Foleni imefika barabarani, nayo haitaki nimpe mama huyu dawa mpaka nijaze nafasi!"

"Si umuulize tu?"

Akamsikia muuguzi akiuliza, "Mama, kuna dawa inayokudhuru?"

"Amoksilini, mwanangu. Mwaka juzi ilinivimbisha koo nusura nife. Nilidhani mnajua."

Jamani, sauti ile aliijua. Alikuwa mama yake mzazi. Na dawa iliyokuwa mkononi mwa muuguzi? Amoksilini! Yule bwana alikaa sakafuni akalia, akacheka, akalia tena. Alhamdulillahi wangesema jirani zetu, nasi tunasema Mungu asifiwe.

Je, sisi? Tunakutana: "Habari?" "Nzuri." Tumepita. Mwenzetu yuko kimya, tunamjazia: hana shida. Hajaonekana kwenye jumuiya wiki tatu, tunamjazia: ana kiburi. Tumejuaje? Nani alimuuliza?

Mimi juzi nilimuuliza mke wangu, nikafunga mdomo nikasubiri. Chai ilipoa. Nilisikia mambo ya miaka minne, na tulipomaliza tulikuwa wepesi kama watu waliotua mizigo. Miaka minne, wapendwa, mhubiri mzima nilikuwa nimemwandikia "Hakuna."

Na wewe, huko nyumbani unakorudi sasa hivi, ni nani hujamuuliza?