Ngoma Tatu za Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakioana na kupigiwa ngoma kama sisi, Mfalme Simba alitaka mpigaji wa harusi ya bintiye. Atakayewachezesha wageni, akasema, atapewa zamu ya kwanza kisimani kiangazi kizima.

Bi Pimbi aliposikia hayo, aliazimia kushindana. Kila kiangazi Tembo ndiye aliyetangulia kisimani, na watoto wa Pimbi wakabakiziwa tope. Mwaka ule kitinda mimba wake alikuwa ameugua kwa kunywa tope hilo.

Ngoma sita ziliwekwa uani kwa Simba, tatu kubwa kama mapipa na tatu ndogo. Kila mpigaji achague tatu. Pimbi alidamka, akakaa mbele ya zile ndogo, akanyoosha mikono. Zilimfaa sawasawa. Mara akasikia kishindo, di! di! di! Tembo huyo anakuja. Pimbi akaruka, akaikumbatia ile kubwa kuliko zote.

"Bwana Tembo, nakusihi, hizi kubwa niachie mimi. Wewe una jina tayari."

Tembo akacheka mpaka masikio yakampiga mashavuni. "Wewe Pimbi, hata ukipanda juu ya kigoda hufiki. Toka hapo."

Pimbi akatoka huku anajifuta machozi ambayo hayakuwepo. "Haya, chukua. Lakini usizitawanye ua mzima, bwana wangu, watu watadhani wewe ndiye mfalme."

Mnadhani Tembo alifanya nini? Aliweka moja mlangoni, moja katikati, na moja kule jikoni! Pimbi akazikusanya zake magotini, akaziinamisha kidogo zimwelekee, akazikanza ngozi kwa makaa.

Bibi harusi akatoka. Tembo akapiga ya mlangoni, du! Akakimbilia ya katikati, du! Alipofika jikoni akihema, wachezaji walikuwa bado wameinua mguu mmoja, wanamsubiri. Bibi harusi akanuna.

Ndipo Pimbi akaanza. Ti-ki-ndi, ti-ki-ndi, ti-ki-ndi! Mabega yakatikisika, vigelegele vikapaa, na Simba mwenyewe akainuka kitini akacheza. Pimbi alifurahi hata akasahau kuwa anashindana.

Kesho yake asubuhi watoto wa Pimbi waliinamia maji safi, wakanywa wakashiba. Nyuma yao alisimama Tembo, ndoo mkongani, akingoja zamu yake.

Basi nanyi, wanangu, chagueni ngoma kwa urefu wa mikono yenu, si kwa macho ya jirani.