Bi Fuko na Picha ya Fisi

Paukwa!

—Pakawa!

Masikio yapo?

—Yapo!

Na macho?

—Yapo!

Yafumbeni. Leo hayana kazi.

Hapo kale Bi Fuko alikuwa fundi wa kuchora kuta. Kisha macho yakaanza kumfifia. Mara haoni kijani, mara haoni nyekundu, mwisho haoni kitu. Alilia siku tatu. Siku ya nne akachovya kidole kwenye chungu cha masizi, akapapasa ukuta, akachora. Rangi zake akazijua kwa pua.

Fisi alilitamani shimo la Bi Fuko, maana lilijaa viazi vitamu. Akaja, hata hodi hakupiga.

"Bibi, kipofu hachori! Kesho unichore mimi mbele ya wanyama wote. Ukishindwa, shimo langu, viazi vyangu."

"Na nikiweza?"

"Utakuwa umeweza."

Asubuhi Fisi akawahi, akamwaga masizi yote, ili kwenye chungu atie maji. Lakini mto ulikuwa mbali, naye mvivu. Akakata mgomba wa jirani, kacha! Akakinga maji yake, chururu, chungu kikajaa. Fisi hajafua nguo tangu azaliwe, angeyajulia wapi maji ya mgomba?

Wanyama wakakusanyika. Bi Fuko akakinusa chungu, akakinusa tena.

"Baba, mimi naona kwa vidole. Nikuguse."

"Gusa!"

Akachovya, akamgusa sikio, pa! Akagusa ukuta, pa! Akachovya, akamgusa mgongo, pa! Akagusa ukuta, pa! Kwenye tumbo alikawia, kwa sababu lilikuwa kubwa.

Ukuta ukabaki mweupe pe. Wanyama wakaangua kicheko.

"Toka shimoni!" akafoka Fisi.

Moyo wa Bi Fuko ulidunda, du du du, maana shimo lile ndimo alimozaliwa. "Subiri jua, baba. Picha haijakauka."

Jua likawaka, na maji ya mgomba yakikauka hugeuka doa lisilotoka. Ukutani likatokea sikio la kahawia. Likatokea tumbo. Akatokea Fisi mzima!

"Ndiye! Ndiye huyo!" wakapiga kelele. Kisha wakamgeukia Fisi mwenyewe. Madoa mwili mzima!

Fisi mbio mpaka mto ule ule uliokuwa mbali. Akajisugua kwa mchanga, kwaru kwaru. Anajisugua mpaka leo. Bi Fuko akaingia shimoni, akala kiazi.

Funzo lake? Ukitaka kumwagia fundi rangi zake, usimmwagie kipofu. Mmwagie anayeona, huyo hanusi.

Hadithi yangu imekauka. Fumbueni macho. Na aliyechungulia, ajitazame mgongoni.