Upande Anaokaa Mama

Akina mama, hili nitakalowaambia lisivuke ule mlango. Apeni hata kimoyomoyo. Na mimi niliapishwa hivyo hivyo na aliyeniambia, naye aliapishwa na jirani yake. Tumeapa wote vizuri, na sasa nalisema kanisani.

Kulikuwa na baba mmoja, mzee wa kanisa, mwenye gari la familia. Gari la kawaida tu, la kubebea watoto na mkungu wa ndizi, lakini alilifuta kila asubuhi kuliko alivyowahi kuwafuta watoto wake makamasi. Basi gari likaanza kugonga. Likiingia shimoni, mbele upande wa kushoto: gu, gu. Akikanyaga breki, linainamisha pua kama mtu aliyedondosha sindano. Likivuka tuta linanesa, na tuta limeshaachwa nyuma, lenyewe bado linanesa.

Sasa kushoto anakaa nani? Mke wake. Mama mwenye mwili, kama mimi, na kama ninyi mliobanana hapo benchi la mbele.

Siku moja likagonga vibaya, mama akauliza, "Baba watoto, hili gari lina nini?"

Baba hakujua lina nini, na watoto walikuwa wanasikiliza. Akasema lililomjia mdomoni. "Lina wewe. Husikii linagonga upande wako?"

Watoto wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, kisha akageukia dirisha.

Baba hakukusudia ubaya. Si ndivyo yanavyoanza?

Kesho yake akaenda gereji. Fundi akaegemea pembe ya mbele ya gari, akaibonyeza, akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena. "Unaona, mzee? Nzima inapanda mara moja, inatulia. Shokapu hii, ya kuzuia gari lisinese, imekufa." Akamwonyesha nyuma ya gurudumu: imelowa oili, na vumbi limegandia juu yake. "Tubadilishe zote mbili za mbele, maana hizi zinakwenda jozi. Niachie gari leo, kesho unalichukua limetulia."

Uwezo alikuwa nao. Mkono ulishaingia mfukoni, ndipo wazo likamjia. Gari likitulia, na mama amekaa palepale na mwili wake uleule, nyumbani watasemaje? Wale waliocheka hawataangaliana?

Akautoa mkono mtupu. "Nitarudi," akasema.

Hakurudi. Badala yake, kila asubuhi akilifuta gari alipitisha kitambaa mpaka kule ndani, akapangusa ile oili isidondoke uani mtu akaja kuuliza. Na uongo nao ukataka kulishwa. "Fundi amesema ni uzito." Mama akahamia kiti cha nyuma, gari likagonga. "Limeshazoea kuinamia upande wako." Mama akaacha chai ya maziwa, akaacha chapati. Akaanza kuja ibadani kwa miguu, na mwavuli wake, gari la mumewe likimpita. Akiulizwa anasema anafanya mazoezi. Nanyi mlimsifu.

Kikafika kipaimara cha mjukuu, mtoto wa binti yao mkubwa, safari ya mkoa mwingine. Mjukuu mwenyewe ni yule ambaye mama alimlea kwa kumbeba mgongoni. Gauni limeshashonwa, linaning'inia mlangoni. Baba akamwambia, "Mama watoto, ile njia ni mbovu. Ukipanda wewe hatufiki. Utaona picha."

"Nimepungua," mama akasema.

"Mimi nimeona. Gari ndilo halijaona."

Mama akaenda akalitoa gauni mlangoni, akalikunja.

Siku ya safari, baada ya ibada, mchungaji akasema gari liombewe, kama ilivyo desturi. Watu wakalizunguka, kila mmoja akaweka mkono wake. Na sisi tunavyoomba mnatujua, mkono wetu hauwekwi, unakandamizwa. Mama akabaki ngazini, mbali, mikono nyuma. Maombi yakapamba moto, boneti ikaanza kupanda na kushuka. Baba alikuwa amefumba jicho moja. Kwa lile la pili akaona oili inachirizika nyuma ya gurudumu, na miguu ya watu imejaa palepale. Akatoa leso yake nyeupe ya Jumapili, akapiga magoti. Aliyekuwa jirani yake akasikia magoti yakigusa changarawe, akadhani ni upako.

Hebu nisimame hapa, maadamu wenzetu bado wamefumba macho. Na sisi je? Ni kitu gani nyumbani kwako unakijua kimekufa, na dawa yake unaijua, ila hukitengenezi kwa sababu siku kikipona itajulikana kwamba yule uliyemlaumu hakuwa na kosa? Si kuna mkwe tuliyesema ameleta nuksi? Si kuna dada wa kazi tuliyesema anaramba sukari? Neno la kwanza lilitoka bila kufikiri, na Mungu angelifuta siku ileile. Kulilinda ndiko kunakotula. Tunakuja hapa tunawekewa mikono, tunaomba safari njema, huku mkono wetu mmoja uko chini unapangusa. Wapenzi, kutubu siyo kukiri kwamba gari ni bovu, maana kila gari linachakaa. Kutubu ni kumwendea yule aliyeacha chapati na kumwambia: haikuwa wewe. Na tumwendee wenyewe, kwa miguu yetu, kabla Bwana hajafumbua watu macho.

Maana mchungaji alisema, "Amina."

Watu wakaondoa mikono, wakafumbua macho. Gari halina mtu ndani, hakuna anayeligusa, na bado linanesa. Wakalitazama gari. Wakamtazama mama kule ngazini. Kisha wakainama kumtafuta mwenye gari, wakamkuta chini, mkono umezama nyuma ya gurudumu la kushoto mpaka kwenye kiwiko.

"Mzee," mchungaji akauliza taratibu, "unafuta nini?"

Akautoa mkono. Leso ilikuwa nyeusi, na oili ikimtiririka mpaka kwenye saa. Mama akaanza kushuka ngazi.