Nzuri, Mama, Ila…

Hii imenifikia asubuhi nikiwa na chai mkononi, na chai ikapoa. Nami nakupa wewe.

Wilondja alikuwa seremala wa mji wa Baraka, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Vita vilimtupa nchi ya mbali yenye baridi, na huko pombe ikamshika. Ilimshika hasa. Mkewe, Faida, akamwambia, "Baba Riziki, nenda ukatibiwe. Ukirudi mzima, mlango uko wazi. Ukirudi na chupa, mimi na watoto hutatukuta."

Akahamia chumba cha kupanga, akawa anakwenda kila wiki kwenye kituo cha kutibu ulevi. Mshauri wake aliitwa Ingridi, mama mwenye moyo mzuri na haraka nyingi.

Lugha ya wenyeji Wilondja alikuwa ameshaijua. Adabu alibaki na ya kwao.

"Habari za wiki nzima, Bwana Wilondja?"

"Nzuri, mama."

"Na nyumbani?"

"Hawajambo."

"Vizuri sana! Basi tuonane wiki ijayo."

Akitoka hapo alipitia dukani, akanunua chupa, akalewa. Kisha akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Ingridi akachoka. Akawaambia wenzake, "Huyu hataki msaada. Kila siku nzuri, nzuri, na huku ananuka pombe. Nikimwona wiki hii ndiyo basi, nafasi yake apewe mwingine."

Siku ilipofika, mafua yalikuwa yamembana Ingridi na sauti imekauka. Alifungua kinywa kumwambia Wilondja asirudi tena, koo likatoa mkwaruzo tu. Akamwonyesha kiti, akammiminia chai.

Wilondja akamhurumia. "Pole, mama. Pole sana. Wa nyumbani hawajambo?"

Ingridi akaitikia kwa kichwa.

"Hata kwangu ni nzuri."

Angekuwa na sauti, hapo Ingridi angeshamuaga.

"Nzuri, mama," Wilondja alirudia, taratibu. "Ila…"

Akaitazama mikono yake. "Ila kitinda mimba wetu nilimzika njiani tukikimbia. Nilichimba kwa mikono hii. Mimi seremala, mama, nimechongea watu majeneza maisha yangu yote, na mwanangu nikamlaza kwenye udongo mtupu. Nisipolewa, namwona."

Machozi yakamtoka Ingridi. Akanong'ona kwa shida, "Kwa nini siku zote hukuniambia?"

Wilondja akashangaa. "Nilikuwa nakuambia. Kwetu mtu haanzi na msiba, anaanza na nzuri. Wewe ulikuwa unaniaga kabla sijafika kwenye *ila*."

Nafasi yake hakupewa mwingine. Na hakupona siku hiyo, maana ulevi si kikohozi. Alianguka, akainuka, na kila wiki Ingridi alimmiminia chai akanyamaza.

Hatimaye Wilondja akabisha hodi nyumbani kwake. Faida akafungua, akamtazama mikono. Haikuwa na chupa.

"Habari za huko, Baba Riziki?"

"Nzuri."

Faida, mtu wa kwao, akangoja. Akangoja sana.

Safari hii *ila* haikufuata.

Funzo: Kabla hujasema mgonjwa hataki kusaidiwa, jiulize kama umewahi kumngoja afike kwenye *ila* yake.